Chura, Mama Mkwe na Fremu ya Dhahabu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimeipata! Mashine ya gemu ya mkononi, ileile ya utotoni, na mchezo wa Chura umo ndani. Muuza mitumba alikuwa ameitupa kati ya pasi mbovu na redio isiyo na kifuniko, hana hili wala lile. Nilijikaza nisipige kelele.

Kwa watakaosoma shajara hii nikishakuwa maarufu: Chura ana mkoba mgongoni. Anaruka ubao hadi ubao, anakwepa miiba, anaokota funguo, na mwisho anapanda mnara wa saa kuwaokoa ndugu zake waliofungiwa ndani ya mtungi. Utotoni niliumaliza mchezo huo. Ndiyo maana hadi leo naitwa Bingwa, hata na watu wasiojua sababu. Mke wangu anaijua. Anasema angependa kuisahau.

Nikaipeleka dukani. Duka letu ni la fremu za picha: mimi naunga mbao, Mkata Kioo anakata kioo. Tumekulia mtaa mmoja. Kuiona tu akaangua kicheko. Eti sikuumaliza kamwe! Eti nilikwama kwenye maporomoko ya maji, na aliyefika mnarani ni yeye! Na wateja wanasikia!

Nikamwambia Jumapili aje nyumbani kwangu. Tuanze mwanzo, mbele ya watu, na atakayemfikisha Chura mbali ndiye achukue jina la Bingwa. Bosi wetu, mpenzi wa ugomvi usiomhusu, akaongeza kwamba picha ya mshindi itatiwa kwenye fremu ya dhahabu ambayo mteja aliyeiagiza hakurudi kuichukua, itundikwe juu ya kaunta. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Pembe za fremu ile nilizikata mimi. Kila siku naitazama na kuona uso wangu ungeenea vizuri.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Chura ametumbukia shimoni jioni nzima. Nimevuka hatua ya kwanza kwa taabu, ya pili imenigomea. Vidole vimenenepa tangu utotoni, hilo halikwepeki. Ufundi haujapungua.

Shida nyingine ni chaja. Ni ya kizamani, inaingia kwenye soketi moja tu nyumba nzima, ile ya chumba cha wageni. Na chumba cha wageni anakaa mama mkwe, aliyekuja kuuguza goti. Mimi siwezi kuingia chumbani kwa mama mkwe. Nikabisha hodi, nikasimama mbali, macho chini, nikamwomba aniwekee mashine kwenye chaji kila asubuhi niendapo kazini, niichukue jioni. Akauliza kama inauma. Nikamweleza taratibu kwamba ni mchezo tu: kitufe hiki kinamrusha Chura, hiki kinamkimbiza, asijisumbue kuvigusa. Akasema yeye na vitu vya watu wapi na wapi, ana kitambaa chake cha meza cha kufuma.

Mama mstaarabu sana. Laiti angelikuwa mstaarabu nyumbani kwake, nikapata soketi yangu.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Maajabu! Mchezo huu ni wa zamani, una nafasi moja tu ya kuhifadhi: ukiuwasha unaendelea pale ulipoachwa. Jana niliuacha hatua ya pili. Leo nawasha, Chura yuko hatua ya tatu, kasimama kwenye nyasi, mzima, funguo tele mkobani!

Nimelitafakari jambo hili kwenye chai. Jibu ni moja. Jana nilivuka bila mwenyewe kujua. Mikono ya fundi ikichoka, hufanya kazi yake bila kumshirikisha mwenye mikono. Nimewahi kuunga fremu nzima nikiwaza mambo mengine.

Nimemweleza mke wangu. Akasema hewala, kisha akaenda kuanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Hatua ya tano! Maporomoko ya maji nimeyavuka, yaleyale aliyosema yalinishinda. Sikumbuki nilivyoyavuka, lakini hata wanariadha hawakumbuki kila hatua wanayokanyaga.

Nimekuta uzi mweupe umenasa kwenye kitufe cha kurukia. Nimemlalamikia mke wangu kuhusu usafi. Akauliza kwa nini simuulizi mama yake. Nikamjibu mama mkwe si mtu wa kusumbuliwa kwa mambo ya nyuzi. Isitoshe, kitambaa chake hakiongezeki, tangu Jumanne ni safu zilezile. Umri nao. Nimemwonea huruma, nikamnunulia machungwa.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nilikwenda na mashine kazini kabla ya kumwachia mama mkwe mchana. Mkata Kioo alipoona hatua ya tano, uso ulimshuka. Akakata kioo cha picha ya harusi kikawa kifupi. Nilijisikia raha mpaka nikaona aibu, kisha raha ikarudi.

Nikaona nisiishie hapo. Kuna shehena ya fremu zinazosubiri ndoano za kutundikia, zote za kukazwa kwa mkono. Nikamshauri bosi kwamba kazi hiyo inahitaji mtu makini kama Mkata Kioo. Nia yangu dole gumba lake livimbe kabla ya Jumapili. Bosi akanisifu kwa kuwaza maslahi ya duka. Akasema anayeijua kazi vizuri hivyo aifanye mwenyewe.

Dole gumba langu limevimba. Si kitu. Jioni nimewasha mashine, Chura yuko chini ya mnara wa saa! Leo sijagusa kitufe hata kimoja! Nimefikia kiwango ambacho mazoezi hayana kazi tena.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Sikufanya mazoezi, ningeharibu. Nimenyoa. Wakati wa chakula bosi alipotoka, niliishusha fremu ya dhahabu nikaingiza kichwa nione picha itakavyokaa. Kuingia kiliingia. Mteja akanikuta nahangaika kukitoa. Nikamuuliza nimsaidie nini. Akasema atarudi.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Naandika kwa shida, na si kwa sababu ya dole gumba.

Walikuja wote: bosi, Mkata Kioo na mkewe, majirani wa pande zote mbili. Mama mkwe akawekewa kiti cha mbele, goti juu ya stuli. Mkata Kioo akaanza. Akafika hatua ya nne, akaishia kwenye miiba. Nikacheka kwa sauti ili wote wasikie.

Nikashika mimi. Chura akaruka, akatumbukia. Shimo la kwanza kabisa! Nikasema kitufe kina unyevu. Akaruka tena, akatumbukia. Nikaomba dirisha lifungwe, mwanga unaniumiza. Mara ya mwisho Chura hakuruka hata kidogo, alitembea mwenyewe mpaka shimoni. Mchezo ukaisha. Mkata Kioo akanipa pole na kuniita kwa jina la kwenye kitambulisho. Nilitamani sakafu inifunike.

Ndipo mama mkwe akasema, kwa upole wake uleule, kwamba ubao ule haurukiwi ukiwa unaondoka, unasubiriwa urudi. Chumba kizima kikamgeukia. Akaniomba mashine. Nani humnyima mama mkwe kitu mbele ya watu? Nikampa kwa mikono miwili.

Akavaa miwani. Yale maporomoko aliyapita huku akimuuliza mke wa Mkata Kioo habari za watoto. Kule juu ya mnara akamwambia nungunungu mlinzi wa mtungi, “Leo utanikoma!” Na akamkoma. Mtungi ukapasuka, vyura wakamwagika kioo kizima cha mashine, na mimi nikajikuta nimeruka juu napiga makofi kuliko wote. Nilisahau kabisa kwamba nimeshindwa.

Makofi yalipotulia akanigeukia. “Nisamehe, mwanangu. Niliona umekwama hatua ya pili, nikadhani umeniletea nikusaidie.”

Mke wangu alitoka kwenda jikoni. Nilimsikia anavyocheka huko.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nimelala, nimeamka, nimeliona jambo lilivyo. Ni nani aliyemfundisha mama mkwe kwamba kitufe hiki kinarusha na hiki kinakimbiza? Mimi! Mlangoni, tena nimesimama mbali! Mwalimu gani mwingine amewahi kutoa bingwa kwa somo fupi kama lile?

Bosi amempiga picha, na fremu ya dhahabu imetundikwa juu ya kaunta. Pembeni kushoto kuna kiwiko. Ni changu. Kila mteja anayeingia namwonyesha.

Mama mkwe ameomba aondoke na mashine, goti lipate cha kuliburudisha. Nimempa. Mkata Kioo naye sasa ananiita Mkwe wa Bingwa, akidhani ananikera. Cheo kama hicho yeye hatakipata, mama mkwe wake anachezea simu tu na hata hiyo inamshinda.

Ila sikumwacha Mkata Kioo avimbe kichwa. Nimemwambia wazi kwamba kwenye drafti sijawahi kufungwa na mtu. Jumapili ijayo, hapahapa kwangu, na bosi ametoa fremu ya fedha.

Mambo yanajipanga yenyewe. Baba mkwe anafika Alhamisi kumchukua mkewe, atakaa nasi siku chache, na nasikia hatembei bila ubao wake wa drafti. Nimemwambia mke wangu nitamfundisha mzee wa watu mbinu mbili tatu, asije akaboreka.