Herufi A ya Bi Mahfudha

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Siku njema! Bi Mahfudha kanisimamisha mwenyewe, hapa hapa mjini Amu, mbele ya duka la simu la Bakr, na Bakr anaona. Kompyuta yake imemwagikiwa sharubati ya ukwaju, vitufe vinanata. Akauliza kama mimi, mwenye kundi la mtandaoni la Kompyuta Nyumbani, nina dawa.

Ninayo! Hata kabla sijafikiri, nikajua ninayo.

Bakr akadakia kwamba kompyuta izimwe, ipanguswe kwa pamba na spiriti. Hana adabu. Hakuna aliyemwuliza.

Bi Mahfudha ana haraka. Ijumaa ni arusi ya Lubna, mwanawe wa pekee. Anatunga mashairi ya kumuaga, yachapwe, kila mgeni apate karatasi yake. Kalamu haiwezi, vidole vyamuuma. Kumpa mtu mwingine amchapie hataki, yasije yakajulikana mji mzima kabla ya siku yenyewe. Nimemwambia kesho nitafika.

Mimi ni mgane, karani mstaafu, nina nyumba na paa lisilovuja. Yeye ni mjane, na karibu atabaki peke yake. Simwambii mtu.

Jumapili, 3 Agosti

Mafuta ya nazi. Mlango ukikwama unatia nini? Mafuta. Kitufe nacho ni mlango mdogo.

Nimetia tone kila kitufe. Kitufe cha A ndicho kilichonata zaidi, kwa hiyo nikakiongezea. Kikaanza kushuka na kupanda vizuri ajabu! Nikapewa kahawa na kaimati. Lubna akanicheka, nadhani kwa furaha.

Nimewaandikia watu wa kundi: "Mbinu ya leo: nazi." Bakr kajibu kwa kikaragosi kinacholia. Wivu.

Jumatatu, 4 Agosti

Balaa.

A haiandiki. Inashuka, inapanda, haiandiki kitu. Herufi nyingine zote zateleza kama samaki, lakini hilo Bi Mahfudha halimfurahishi. Alinipigia simu asubuhi akaniita nije, "Ndoo uone ulilofanya!" Nikaenda. Kwenye kioo pameandikwa:

Mwnngu nend slm

Alikusudia "Mwanangu nenda salama." Sikuwahi kujua Kiswahili kimeegemea A namna hii. Jina lake mwenyewe limekuwa Mhfudh.

Nikamshauri atunge bila A. Akanitazama mpaka nikaangalia viatu vyangu.

Kisha akaja Bakr, bila kuitwa! Au ameitwa, sijauliza. Akasema kibodi ya kuchomeka itafika kutoka Mombasa Jumamosi. Arusi ni Ijumaa! Nikafurahi, halafu nikaona haya kufurahi. Akafungua kibodi ya kwenye kioo, ile ya kubofya herufi moja moja kwa kipanya. Bi Mahfudha akajaribu. Kufikia adhuhuri alikuwa na ubeti mmoja na mkono umekufa ganzi. Akaanza kuchanganya, kuandika kwa vidole na kubofya A peke yake, lakini kila akinyanyua mkono kwenda kwenye kipanya, anasema, neno linalofuata linamkimbia.

Akakiacha kipanya. Kisha akasema polepole kwamba marehemu mumewe angekuwepo angemuaga Lubna kwa maneno yake, na sasa kazi hiyo imebaki kwake peke yake, na hata A hana.

Nimerudi nyumbani kwa ndia ya nyuma, nisionwe.

Jumatano, 6 Agosti

NIMESHINDA. Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi nilipata ujumbe wa Lubna: "Xaxa Bwana Kamaludin, mama haxemi na mtu. Tafadhali fanya kitu." Hasira zikanipanda. Vijana hawa na X zao! X si herufi ya Kiswahili. Haina kazi katika lugha yetu. Inakaa tu kwenye kibodi, kutwa haijaguswa...

Haina kazi!

Basi iajiriwe!

Nilikwenda mbio, kofia mkononi. Bi Mahfudha hakunikaribisha ndani. Nikamweleza kutoka mlangoni: kila penye A, piga X. Usinyanyue mkono, usitazame kioo, tunga tu. Ukimaliza, tutaiamrisha kompyuta igeuze X zote ziwe A kwa mkupuo mmoja. Akasema nimeingiwa na wazimu. Lubna akamwambia, "Mama, jaribu mstari mmoja."

Mwxnxngu nendx sxlxmx.

Akacheka. Wallahi alicheka! Nikaingia ndani.

Ametunga mpaka alasiri, vidole vinakwenda kama mvua juu ya mabati. Nilikaa ukumbini nikazuia watu. Bakr alikuja mara mbili. Mara mbili nilimwambia bibi anafanya kazi.

Ikafika zamu yangu. Ctrl na H, kikatokea kisanduku cha kutafuta na kubadilisha. Juu nikaandika X. Chini niandike A. Sina A, na ile kibodi ya kwenye kioo ya Bakr siigusi! Nikapata akili: nikafungua barua yake ya zamani, nikanakili A iliyokuwa humo, nikaja kuibandika. Nikabofya badilisha zote.

Mwa na ngu nenda  sa la ma .

Nilinakili A pamoja na nafasi iliyoifuata. Bi Mahfudha akashika kichwa. Lubna akakaa chini. Mimi, kwa utulivu mkubwa, nikapiga Ctrl na Z. Yote yakarudi kuwa X. Nikanakili A upya, safari hii A tupu. Nikabofya.

Yakaja yote. Beti baada ya beti, kila A mahali pake, na zile zinazoanza majina nikazikuza moja moja. Bi Mahfudha akasoma kimya tangu juu hadi chini. Alipofika mwisho alijifuta macho kwa ncha ya leso, akasema, "Ahsante, Bwana Kamaludin." Si "wewe". Bwana Kamaludin!

Bakr ndiye mwenye printa. Amechapa karatasi zikiwa zimegeuzwa uso chini, kama alivyoamriwa. Nilisimama nikahakikisha.

Ijumaa, 8 Agosti

Arusi. Sisi wanaume tulikuwa barazani, wanawake ndani. Nilichagua mahali chini ya dirisha.

Bi Mahfudha alisoma mwenyewe. Sauti ilimkatika mara moja, kwenye ubeti unaomtaja babake Lubna, na wanawake wakaupokea wakamsomea kutoka kwenye karatasi zao mpaka akapata pumzi. Kisha vigelegele mpaka baraza likatikisika. Bakr alikuwa kando yangu. Macho yake yalikuwa mekundu. Yangu pia, lakini yangu ni vumbi.

Baadaye Lubna akanitumia salamu za mamake: mwenye neno na aende kwa kaka yake, Yunusi, Kizingitini.

Mwenye neno! Ni mimi! Nina maneno mengi!

Jumapili, 10 Agosti

Kizingitini. Nimetoka Amu kwa boti ya kwanza, kanzu imelowa mpaka magotini. Yunusi ni mnunuzi wa samaki, mtu wa maneno machache. Nikaposa. Akanitazama, akasema dada yake amekwisha kumpigia simu, na yeye hana kipingamizi. Alhamdulillahi! Nimewashinda wote, wakiwemo wasiojua kuwa walikuwa wakishindana.

Akanikaribisha chakula cha mchana. Kwenye mazungumzo akalalamika kwamba kompyuta yake ya dukani inapata moto mpaka inajizima. Nikamwambia awe na amani, sasa sisi ni ndugu.

Alipokwenda kuswali alasiri nilibaki dukani, nimekwisha kuiswali mapema kwa kuikusanya na adhuhuri, mimi ni msafiri. Nikafikiri. Kitu kikipata moto kinataka nini? Na duka la samaki lina nini? Nikatuma kundini: "Mbinu ya leo: friza." Bakr akajibu hapo hapo niitoe haraka, itaingia maji ndani na kufa kabisa.

Nimemtoa Bakr kwenye kundi.

Yunusi amerudi, ananiuliza kompyuta iko wapi. Nimemwambia inapumzika, baina ya pweza na kamba.