Posa ya Katibu wa Majaji

Ebo Quansah alikuwa na suti moja nyeupe, Benzi moja kuukuu iliyong'aa kwa nje tu, na ulimi ulioweza kumuuzia mvuvi samaki wake mwenyewe. Kazi ya kueleweka hakuwa nayo. Siku ile aliingia bure katika ukumbi wa Techiman, kwa kumpigia mlinzi saluti, wakati anatafutwa mrembo wa kuliwakilisha jimbo kwenye fainali ya Taji la Taifa kule Accra. Likatajwa jina la Afia Dufie, ukumbi ukalipuka kwa vifijo. Ebo hakumtazama msichana. Alimtazama mwanamke mmoja mnene wa mstari wa mbele, aliyekuwa akilia na kucheka kwa wakati mmoja huku akimuuliza mlinzi kwa sauti iliyofika hadi barabarani, "Hivi hilo taji la Accra, mtu anamwona nani ili alipate?"

Kuna watu husikia wito wao kanisani. Ebo aliusikia palepale.

"Mama, punguza sauti," alimnong'oneza, akimshika kiwiko kwa adabu. "Mambo ya taji hayaulizwi mlangoni. Unazungumza na katibu wa majaji."

Mwanamke akamtazama kuanzia viatu hadi kichwani. Huyu alikuwa Maame Birago, shangazi aliyemlea Afia, mjane, na malkia wa soko la viazi vikuu. Hakuna lori lililotoka Techiman na viazi bila yeye kutikisa kichwa.

"Katibu, majaji wako wanakula nini?"

"Wanakula vizuri, mama. Mimi nawabebea sahani tu."

Wakaelewana: lori moja zima la puna, kiazi kikuu chenye ladha kuliko vyote, na majira yenyewe yalikuwa yale ambayo mama wa Accra wanagombania kipande kimoja cha kutwangia fufu, ugali wao. Hesabu ya Ebo ilikuwa nyepesi. Fainali ilikuwa Jumamosi jioni. Jumamosi asubuhi angeondoka na lori, na kabla taji halijakaa kwenye kichwa cha msichana mwingine yeyote, yeye angekuwa Lomé, ng'ambo ya mpaka, anakula kuku. Akikutwa bado Techiman taji likivalishwa, basi, uongo ungefumuka na angepigwa hadi na watoto.

"Kuna tatizo moja," alisema Maame Birago siku ya pili, wamekaa nyuma ya rundo la viazi sokoni. "Lori zima litoke kwangu liende kwa mwanamume asiye na jina hapa? Soko zima litauliza. Na majaji wako watasikia."

"Sasa tufanyeje, mama?"

"Njoo upose."

"Nimpose Afia?"

"Una wazimu? Mashindano hayataki msichana mwenye mchumba. Si wewe ndiye katibu? Nipose mimi. Lete chupa zako mbili, ubishe mlango mbele ya wazee, wanywe. Viazi vitatoka kama zawadi ya mkwe, na hakuna atakayefungua mdomo."

Ebo alimtazama kwa heshima, kama fundi anavyomtazama fundi mwenzake. Miaka yote amewalaghai watu waliohitaji kusukumwa, na leo kapata mtu anayejisukuma mwenyewe, tena anashika na usukani!

Akabisha mlango. Alikodi mzee mmoja mwenye sauti nzito awe msemaji wake, maana wazee hawasemeshwi moja kwa moja, akaweka chupa mbili za pombe kali mezani, na msemaji akatangaza kwamba mgeni wao ameona ua zuri katika nyumba hii na angependa kulichuma. Kiongozi wa ukoo, Opanyin Adu, mzee mkavu mwenye macho ya usingizi, akamgeukia Maame Birago.

"Birago, tuzipokee chupa hizi?"

"Zipokeeni."

"Tunakuuliza tena. Tukinywa hatutapiki. Tuzipokee?"

"Zipokeeni."

"Mara ya tatu na ya mwisho?"

"Baba, mbona unachelewesha? Fungueni!"

Wazee wakanywa hadi tone la mwisho. Ebo naye akapewa tone, akafuta chozi la uongo, na chozi lenyewe likamshangaza kwa jinsi lilivyotoka bila shida. Mlangoni Maame Birago akamnong'oneza, "Jumamosi asubuhi njoo uchukue lori. Ila vaa nguo nyeusi. Suti hiyo inaonekana mbali."

Sasa, mwanamume yeyote wa upande ule, kabla hajapeleka chupa kwa watu, huuliza kwanza jambo moja: ukoo huu una maiti mochwari? Hata bwege wa mwisho huuliza. Lakini Ebo alijua anafanya mchezo, na kwenye mchezo nani anauliza habari za maiti?

Jumamosi akafika na Benzi yake, mweusi tii kama alivyoagizwa. Uwanja wa nyumba ulikuwa umejaa maturubai, viti vya kukodi, bendi ya tarumbeta, na umati mzima umevaa nyekundu na nyeusi.

"Mkwe amefika!" akapaza sauti Opanyin Adu, na usingizi haukuwamo tena machoni mwake. "Nilisema atakuja, mkabisha! Tazameni, na nguo za msiba kavaa!"

Mjomba wa Maame Birago alikuwa amelala mochwari wiki kadhaa akisubiri mtu wa kumnunulia jeneza, na kwa desturi yao jeneza la mjomba hununuliwa na mkwe. Seremala alikuwapo, na jeneza lake lenye umbo la kiazi kikuu, limenakshiwa vizuri kuliko kitanda cha waziri. Akanyoosha mkono. Ebo akapapasa mifuko iliyokuwa mitupu, na vijana wa ukoo wakaona ufunguo wa Benzi, wakamkabidhi seremala.

"Gari hii inatosha," seremala akasema.

"Lori langu liko wapi?" Ebo akamuuliza Maame Birago.

"Lile pale, mume wangu."

Lori lilikuwa limeshushwa. Wanawake walikuwa wakimenya puna kwa ajili ya waombolezaji, na mtangazaji akapaza kwenye kipaza sauti, "Viazi vyote mnavyokula leo ni zawadi ya mkwe wetu, Bwana Quansah!" Tarumbeta zikaitikia.

Ebo akaona hakuna njia ila kufanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe. Akasema ukweli.

"Wazee, mimi ni tapeli! Mimi si katibu, simjui jaji hata mmoja, posa ilikuwa ya uongo!"

Wazee wakacheka hadi wakakohoa.

"Wote husema hivyo wakiliona jeneza," alisema Opanyin Adu. "Marehemu mwenyewe alipokuwa mkwe alijifanya bubu. Kaa, ule."

Jioni wakawasha televisheni chini ya turubai, na Ebo akakaa kati ya vijana wawili wenye mabega mapana. Kule Accra mtangazaji alimuuliza Afia Dufie uzuri una faida gani.

"Shangazi yangu anauza viazi vikuu," Afia akajibu. "Anasema uzuri ni wa kumsimamisha mteja. Akishasimama, kiazi chenyewe lazima kiwe kizuri."

Ukumbi ukainuka kwa makofi, na taji likaenda kukaa kichwani pake. Msiba ukageuka sherehe, bendi ikasahau nyimbo za kilio.

Ebo aligeuka taratibu. "Ulijua atashinda?"

"Nilipotulia, nilijua hahitaji kununuliwa," alisema Maame Birago, akifuta machozi ya furaha. "Na siku ile ile uliponishika kiwiko nilimuuliza Afia. Akaniambia majaji hawana katibu."

"Basi mimi ulinitakia nini?"

"Jeneza. Halafu nikakusikiliza unavyosema." Akamrekebisha kola ya shati lake jeusi kama mke wa miaka mingi. "Wewe umeniuzia kitu ambacho huna, na nusura ninunue. Jumatatu alfajiri utakuwa sokoni. Nataka nione utauza kiasi gani kitu ambacho kipo."