Barabara ya Kambove Ina Hatari, Bora Nyumbani

Jumatano, 12 Juni 2024

Likasi nzima haijazaa kichwa kama changu. Shule ilinifukuza kwa sababu walimu walichoka kushindwa.

Leo Papa kanipa kazi ya mtu mkubwa. Jumamosi nipande taxi-moto ya Divin mpaka Kambove, nimlete dada yake, Tante Madeleine. Wakwe wanakuja kutoa mahari ya yaya Shekina, dada yangu mkubwa. Kwetu, shangazi asipokuwepo, hakuna mkono unaogusa kamba ya mbuzi wa mahari. Na shangazi haji peke yake kama mtu asiyealikwa. Anafuatwa na mtoto wa nyumba. Yaani mimi!

Alhamisi, 13 Juni

Nimeipima hatari. Barabarani kuna malori ya madini, vumbi, na Divin ambaye breki zake ni soli za viatu. Kila aliyeumia barabarani alikuwa kwanza ametoka nyumbani. Kila mmoja! Papa hajawahi kupinduka na kitanda chake. Mwenye akili anabaki kwao.

Nikamweleza Shekina. Akacheka: “Weye, sema tu uko na woga!” Woga! Miye? Halafu akanipigia pasi shati, akaniomba nisimwaibishe.

Ijumaa, 14 Juni

Mpango tayari. Divin ataenda peke yake, amevaa shati langu. Macho ya Tante yamechoka, hatajua. Divin akauliza, akiongeleshwa je? Nikamwambia atabasamu vizuri, kama mimi.

Jumamosi, 15 Juni

Aibu! Naandika nimelala kifudifudi.

Asubuhi niliaga kwa sauti, nikazunguka nyuma, nikajificha jikoni. Giza, umeme umekatika. Baridi ya mwezi wa sita, usiseme! Nikakaa humo mpaka nikasikia wakwe wanaingia uani, na Mama anakuja kuchukua maharagwe. Nikachutama haraka pembeni. Kumbe pembeni kuna mbabula, jiko la makaa, na chini ya majivu makala mekundu kabisa.

Nilipiga kelele mpaka mbuzi wa wakwe akakata kamba. Nikapita katikati yao, suruali inatoa moshi. Papa akauliza neno moja tu: “Tante yako iko wapi?”

Divin akarudi peke yake. Tante alimkumbatia, akamwomba amsalimu kwa jina la babu, kama mtoto yeyote wa nyumba yetu. Divin akatabasamu vizuri. Tante akamwita mwizi, akarudi kukaa juu ya mzigo wake.

Wakwe wakasema nyumba inayoficha shangazi haitaki kutoa binti. Wakamkamata mbuzi wao, wakaenda.

Jumapili, 16 Juni

Papa amekwenda kuwaomba msamaha. Wakikubali, wa kumfuata Tante ni mimi tena. Hakuna shida: safari hii najificha chooni. Huko hakuna makala.

Shekina alipita mlangoni. Nikamwambia, unaona, angalau niko hai. Hakucheka. Macho yamevimba.

Divin alikwenda na kurudi bila hata mchubuko. Tante alikaa kando ya barabara na vitenge vyake vipya mpaka jua likazama, akimngoja mtoto wa kaka yake. Dada yangu hakuolewa kwa sababu niliogopa kupanda pikipiki.

Na bado naogopa.