Fundi wa Kufuli na Seva Isiyo na Mlango

Jumamosi, 7 Juni

Seva imewaka! Iko chini ya cherehani ya mke wangu, ndani ya ile kompyuta kuukuu iliyokuwa inazuia mlango wa stoo usijifunge. Inanguruma. Mama Kitinda ameuliza kama italipuka. Nimesema hapana. Ameuliza kama nina hakika. Nimeuliza chai iko wapi.

Sababu ya yote haya: kampuni iliyokuwa inatutunzia mchezo wetu wa kujenga imefunga shughuli. Wametangaza kila mtu achukue ulimwengu wake, kitakachobaki kitafutwa. Kitafutwa! Nyumba yenye paa la buluu tuliyoijenga mimi na Kitinda tangu yuko darasa la tatu! Na ng'ombe! (Siku Kitinda anapandisha ukuta wa sebule, ng'ombe alikuwa amesimama hapo. Akabaki ndani. Nilikataa ukuta kuvunjwa. Sasa ni ng'ombe wa familia.)

Kitinda wetu, kitinda mimba, leo ni mwanafunzi wa uuguzi mji wa mbali. Kwenye simu husema niko sawa baba, kisha kimya. Lakini Jumapili mchana tunaingia mchezoni wote wawili, na huko, mikono ikishapata kazi, mdomo nao unafunguka. Anajenga hospitali nyuma ya nyumba. Kila wiki huweka kitanda kipya na kunisimulia mgonjwa wake, bila kumtaja jina. Jumapili hiyo ndiyo inayonibeba wiki nzima. Sijawahi kumwambia. Mambo hayo huandikwa, hayasemwi.

Jioni kaja shemeji, mdogo wake Mama Kitinda. Anauza makava ya simu na anaamini hilo limemfanya mhandisi. Ana seva yake, na hujisifu kwamba imejaa watu kama sokoni. Kanishauri: weka orodha ya wageni, asiyekuwamo asiingie. Kwenye ruta, kile kisanduku cha intaneti, fungua mlango mmoja tu, ule wa mchezo. Na neno la siri la ruta, lile lililokuja nayo kutoka kiwandani, libadilishwe.

Mimi! Fundi wa kufuli! Nafundishwa mlango na mtu niliyemfungulia kibanda chake mwenyewe, ufunguo ukiwa mfukoni mwake!

Nimeweka orodha hata hivyo. Majina mawili, langu na la Kitinda. Mlango mmoja. Neno la siri la ruta nimeliacha. Limeandikwa chini ya ruta, na nani huchungulia chini ya ruta?

Jumapili, 8 Juni

Siku mbaya.

Mchana, saa yetu kabisa, simu ikalia. Mama mmoja kajifungia nje, sufuria iko motoni. Nikakimbia na sanduku la vifaa. Kufuli lilikuwa bishi, sufuria ikaungua, lakini nyumba ilipona.

Kurudi, nakuta ujumbe wa Kitinda. Wiki hii alibadilisha jina lake la mchezoni, sasa anajiita Muuguzi. Seva yangu ikamwambia hayumo kwenye orodha. Akasubiri. Akapiga simu, yangu iko chini ya misumeno ndani ya sanduku. Akasubiri tena. Kisha ikabidi akalale kidogo kabla ya zamu. Mwisho ameandika: haidhuru baba.

Naijua haidhuru hiyo. Ni ya mama yake.

Kazi yangu maisha yote ni watu waliofungiwa nje. Nimemwona mtu mzima na tai yake analia mbele ya mlango wake mwenyewe. Huwa nawaambia tulia, nimefika. Leo aliyefungiwa ni mwanangu, na aliyemfungia ni mimi. Mganga hajigangi!

Nimekula kiapo. Hatafungiwa nje tena.

Jumatatu, 9 Juni

Orodha nimeifuta. Neno la siri la kuingilia nalo nimelitoa. Kisha nikaingia kwenye ruta. Mlango mmoja? Uchoyo! Na Kitinda akija kwa mwingine je? Nimefungua yote. Kulikuwa na kitufe kimoja cha kufungua yote. Ruta ikauliza kama nina hakika. Inamwiga Mama Kitinda. Nikabonyeza.

Kisha nikaenda kwenye ukurasa wa wachezaji, nikatangaza: Nyumba yenye paa la buluu, karibuni nyote, hodi si lazima. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Nataka Kitinda akija Jumapili akute nyumba ina watu, asione baba yake anakaa peke yake na ng'ombe.

Kumpita shemeji kwa wingi wa wageni si lengo. Nitafurahi tu ikitokea.

Jumatano, 11 Juni

Wageni! Wengi! Mmoja aling'oa karoti zote akaondoka. Wa pili kasimama ziwani tangu asubuhi, hasemi neno. Nimemwacha, kila mtu ana yake moyoni. Wengine salamu yao ni mshale. Nimekufa mara nyingi leo kuliko nilivyotarajia.

Halafu akaja Mwana Mwema. Ndivyo anavyojiita. Neno lake la kwanza: Shikamoo baba.

Kwenye intaneti! Shikamoo!

Nilikaa kitako. Akauliza hali ya nyumbani. Akamsifu ng'ombe. Akarudisha karoti shambani. Akasema anaona nachoka kuhudumia wageni peke yangu, na kama ningempa mamlaka ya msimamizi angenisaidia kulinda nyumba. Sikumwomba mimi, kajitolea!

Nimempa.

Shemeji kasikia, kashika kichwa. Kasema mtu uliyemjua leo asubuhi humpi funguo zako zote mchana. Nimemjibu kwamba adabu haighushiwi. Wivu umemjaa. Kwenye seva yake hakuna anayemwamkia.

Ijumaa, 13 Juni

Sijui nianzie wapi.

Naanza na printa. Mama Kitinda huchapia humo ramani za mishono ya wateja. Asubuhi, hakuna aliyeigusa, ikaanza kutapika karatasi. Kila karatasi: ASANTE BABA KWA UKARIMU. Ikaendelea mpaka karatasi zikaisha, na gauni la bi harusi halijachapwa hata mkono mmoja.

Kisha intaneti yetu ikabadilika jina. Ikaitwa MLANGO WAZI. Kisha ikatukataa sisi wenyewe. Tumefungiwa nje ya nyumba yetu tukiwa tumekaa ndani!

Mama Kitinda alikuwa na utepe wa kupimia shingoni. Akanitazama tu. Afadhali angenipiga nao.

Shemeji kaja mbio. Hakucheka, ndipo nikajua mambo yameharibika. Akachomoa nyaya zote, kisha akanieleza taratibu: ulipofungua yote hukufungua mchezo peke yake, umefungua nyumba. Mgeni wako katoka kwenye seva akapita kwenye printa, akapita kwenye ruta ambayo neno lake la siri dunia nzima inalijua, akakaa.

Nikaomba tuangalie mchezo, hukohuko ndani ya kompyuta. Moto. Paa la buluu hakuna. Nyuma ya nyumba, palipokuwa na hospitali, shimo.

Nilikuwa na nakala! Niliiweka kwenye kompyuta hiyohiyo, nikaiita NAKALA USIGUSE. Imeguswa.

Nimelia. Naandika haya hapa kwa kuwa hapa hakuna mtu. Mama Kitinda aliingia akanikuta. Akasema vumbi la vitambaa huwasha macho, akaniachia leso yake, akatoka. Sikustahili mke huyu wala leso hii.

Jumamosi, 14 Juni

Nina mpango! Kitinda anaingia kesho mchana. Leo najenga kila kitu upya, asijue kitu. Nimefunga duka. Kwenye kufuli la duka nimeacha karatasi: fundi amepatwa na dharura ya nyumba.

Asubuhi nilijenga peke yangu. Mchana, Mama Kitinda, ambaye tangu mwanzo huuita mchezo huu kazi ya wasio na kazi, kavuta kiti. Kauliza nyumba ya mtoto ilikuwa upande gani. Nikamwonyesha. Akajenga mlango. Ukiufungua unakuta ukuta. Nikamwambia ni mzuri sana, na kwangu ulikuwa mzuri kweli.

Shemeji kafika na kompyuta yake. Ametengeneza ruta, kisha akajitolea kuezeka. Kaezeka nyekundu! Tumegombana. Kasema buluu imekwisha. Nimesema buluu haiishi, inachimbwa. Mama Kitinda katutenganisha kwa rula ya kushonea.

Ng'ombe hakupatikana popote. Nimeweka kondoo.

Jioni tulisogea nyuma kidogo tukaitazama. Inafanana na banda la kuku la mtu mwenye haraka. Hospitali hatukuigusa. Sikuweza.

Jumapili, 15 Juni

Kaingia saa yake. Kasimama mbele ya nyumba. Kazunguka. Kafungua mlango wa mama yake, kakuta ukuta. Kisha kauliza, pole pole, kwa nini ng'ombe ana sufu.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikufika hata uani. Nikamweleza yote, na Mama Kitinda pembeni akijazia niliyoyaruka.

Hakukasirika! Kasema siku aliyoondoka nyumbani alichukua nakala ya ulimwengu wote, akaiweka kwenye flashi, maana anamjua baba yake. Ametutumia. Shemeji kaipandisha. Na paa la buluu likatokea! Na ng'ombe, palepale, ananitazama kama vile sikuwahi kukosa!

Lakini hospitali hamna. Aliianza akiwa kule, baada ya nakala. Nyuma ya nyumba ni nyasi tupu.

Akasema haidhuru baba.

Nikasema inadhuru. Nikamwambia anifuate. Nikaweka kitanda dirishani: huyu ni yule mzee aliyekuwa anaomba redio kwa kila anayepita. Kinachofuata, yule bibi aliyekataa kuogeshwa mpaka kwanza achanwe nywele. Hapa, yule dereva aliyeficha miwani chini ya mto ili asiweze kusoma majibu yake ya vipimo. Pale mlangoni, mapacha waliolazwa mmoja akiugua na mwingine akigoma kubaki nyumbani. Na kile cha pembeni. Cha pembeni hakumaliza kunisimulia. Wiki ile aliweka kitanda, akaweka taa juu yake, akasema tuzungumze mengine. Nikaweka kitanda. Nikaweka taa.

Muuguzi wake alisimama hapo mchezoni bila kusogea. Nikadhani mtandao umekata.

Kisha akasema, kumbe ulikuwa unasikiliza baba.

Nikasema kidogo.

Mama Kitinda kasema leo vumbi la vitambaa limezidi, akaenda kufungua dirisha lililokuwa wazi tayari. Na Kitinda akaanza kusimulia kuhusu kitanda cha pembeni, mpaka mwisho. Alisimulia huku analia, na mimi nikawa napanga matofali kuzunguka kitanda, maana sikujua kitu kingine cha kufanya. Nadhani kilikuwa kitu sahihi.

Alipotulia akageuka mkali kama muuguzi mkuu. Orodha imerudi: baba, mama, mjomba, yeye. Ruta ina mlango mmoja na neno jipya la siri. Nakala zinakaa kwake, kwa mjomba na kwenye flashi ndani ya kopo la vifungo. Kisha kaniapisha. Hakuna mgeni atakayeingia, awe nani. Nimeapa, mkono wa kulia juu, Mama Kitinda na shemeji wakiwa mashahidi. Nimejifunza! Mlango uliofungwa nao ni upendo. Nafikiri nitaandika hilo kwenye kibao cha duka.

Jumanne, 17 Juni

Orodha inafanya kazi vizuri mno. Hakuna anayeingia. Nyumba ya buluu imetulia. Ng'ombe anatazama ukuta, mimi namtazama ng'ombe.

Asubuhi nilipita kwenye ukurasa wa wachezaji, kuangalia tu. Nimekuta nimeachiwa ujumbe. Hodi baba. Shikamoo. Anasema amesikia sifa za nyumba yetu na amekuja kutoka mbali. Anasema amesimama nje ya mlango tangu jana na unamkataa.

Tangu jana! Nje!

Anaitwa Mwana Mwema Wa Pili.

Nimefikiri sana. Mimi si mjinga. Nimelinganisha majina herufi kwa herufi, na huyu si yule. Yule hakuwa na Wa Pili. Bila shaka ni mdogo wake, ametumwa kuomba radhi kwa niaba ya familia, na wazazi wao ni watu wa maana. Kiapo nilichoapa kilikuwa cha wageni. Huyu anaomba kuingia kama ndugu.

Nimempa ufunguo. Mmoja tu, wa mlango wa mbele. Na wa nyuma, ikiwa wa mbele utakwama.