Malalamiko Kuhusu Nabii Danieli Kuhamishwa na Mimi Kushindwa na Mke Wangu

Gatongora, Ruiru
14 Agosti 1996

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Mashindano ya Biblia, Thika

Mheshimiwa, natumaini u mzima. Mimi si mzima sana.

1. Jumapili Mwalimu Nakhumicha, mwamuzi wenu, aliuliza Maandiko ya Kale yanaishia kitabu gani. Nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono: Malaki. Nikapewa alama moja. Ndipo mke wangu Wangechi, anayeuza vitabu hapo Thika, akasimama: "Mwalimu, inategemea unamuuliza nani. Mkristo, Malaki. Myahudi, Mambo ya Nyakati." Akapewa mbili! Akanishinda kwa alama hiyo moja. Mama yangu mzazi alipiga makofi.

2. Nimechunguza, na ni kweli. Wayahudi wana vitabu ishirini na vinne. Sisi, kwa maneno yale yale, thelathini na tisa. Manabii wadogo kumi na wawili kwao ni kitabu kimoja. Samweli wawili ni mmoja. Agano Jipya hawana kabisa. Mimi nilikariri vyote thelathini na tisa nikiwa na miaka saba, tena kwa viboko. Viboko vya vile kumi na vitano vya ziada vilikuwa vya nini?

3. Wanapanga mafungu matatu: Sheria, Manabii, Maandishi. Yoshua, mtu wa vita, yuko kwa Manabii. Danieli wamemtupa kwa Maandishi! Kikundi chetu kinaitwa Nabii Danieli, na bango limeshachorwa.

4. Sasa Wangechi amepanga makosa yangu vivyo hivyo. Fungu la Manabii ndilo refu: niliyotabiri yasitimie, kama choo kipya.

Kwa hivyo naomba alama ile ifutwe, na Kamati iwaandikie Wayahudi wafuate mpangilio wetu kabla ya Pasaka. Muda unatosha.

Wasalimie wanakamati wote, hata Mwalimu Nakhumicha.

Wako katika imani na uchungu,
Gathogo

N.B. Sikusema kwamba Jumatatu tuligombana, Wangechi akaenda kwa mama yake huko Mwiki. Jana, peke yangu, nilisoma miisho yote miwili. Malaki anamaliza kwa onyo la laana. Nyakati inamaliza kwa mfalme kuwaruhusu watu warudi kwao. Nimeisoma mara tatu. Alama mwachieni. Barua hii naiposti nikielekea Mwiki.