Ombi la Cheti cha Ubovu kwa Gari Lisilo na Ubovu

Nyamianda, Uvira

Kwa Bwana Chef wa Quartier, mkuu wa mtaa wetu,

Kwa heshima zote, mzee wetu, pokea malalamiko haya ninayoyaandika nikiwa nimesimama kando ya gari langu. Ndani sikai, maana viti bado viko na plastiki yake.

Unalijua gari lenyewe: lile dogo, jeupe, linaloonekana parokiani Jumapili kama vile Uvira haina matope. Nataka kuliuza. Mke wangu Concilie amerudi kwao Luvungi, wiki ya tatu leo, na ameapa hakanyagi tena hapa mpaka gari litoke. Alisema, "Jean-Berchmans, mu hii nyumba tuko wake wawili, na ule mwingine ndiye anaogeshwaka kila asubuhi." Bwana Chef, nyumba bila Concilie si nyumba. Nakula ugali niliousonga mwenyewe, na mbwa ameukataa.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wahenga hawakuwahi kuuza gari Uvira. Haya ndiyo yaliyonipata:

1. Papa Nzeyimana, mchuuzi wa mchele, alilala chini ya gari saa nzima akitafuta mahali mafuta yanapovuja. Hakupaona. Akatoka amenuna: "Mwalimu, sema ukweli. Hii gari iko na nini?" Nikamwambia haina kitu. Akasema hicho ndicho anachoogopa, akapanda pikipiki akaenda zake.

2. Papa Nduwimana alikuja na fundi. Fundi akajaribu milango yote minne, yote ikafunguka. Akapiga honi; ikalia. Basi akamvuta mwenzake pembeni na kumnong'oneza kwamba gari lililokaa miaka mitano kwenye barabara zetu bila kugonga hata mbuzi, hilo haliendi kwa petroli. Tangu siku hiyo Nyamianda nzima inasema usiku linavuka lenyewe mpaka Bujumbura. Bujumbura, Bwana Chef! Hata mimi sijawahi kulipeleka huko. Njiani kuna vumbi.

3. Nikaona basi, nilitie kilema. Nilishika nyundo, mkono ukakataa. Nikamwomba jirani yangu Damien, akaukwaruza mlango kwa msumari, urefu wa kidole tu. Wee! Nililia kama mtoto. Mnunuzi alikuwa aje saa nne. Saa tatu nilikuwa nimeshapaka rangi.

4. Concilie naye anatangaza huko Luvungi kwamba maji ya ziwa yalipopanda niliokoa gari kwanza, kisha godoro, kisha kuku, na yeye akawa wa nne. Huo ni uongo mtupu. Kuku walijitoa wenyewe. Yeye alikuwa wa tatu.

Kwa hiyo naomba ofisi yako inipe cheti chenye kashe, ule muhuri wa ofisi, kinachoshuhudia kwamba gari langu lina ubovu. Sitaki ubovu mkubwa. Breki zinazolia, au dirisha lisiloshuka, inatosha. Chagua wewe kwa hekima yako. Kisha kisomwe Jumamosi kwenye salongo ya kusafisha mtaa, watu wote wakiwa na majembe mikononi, ili wanunuzi watulie roho. Na kama utaona haitoshi, niongezee cha pili kinachosema mimi pia ni mwizi, kwa sababu hapa kwetu muuzaji mwaminifu naye anatiliwa shaka.

Nisalimie Mama Chef, sekretari wako na wote wanaongoja zamu yao kwenye benchi la ofisi. Waambie wasiogope kupita mbele ya nyumba yangu.

Wako mtiifu, mwenye njaa na uchungu,

Mwalimu Jean-Berchmans Irambona

N.B. Nikiwa natafuta bahasha, shemeji yangu Annie ameleta habari kutoka Luvungi. Concilie amelegea! Gari libaki, anasema, ila niende nalo mwenyewe kumchukua, plastiki itoke, na yeye akae kiti cha mbele mpaka nyumbani. Bwana Chef, nimefurahi mpaka machozi. Cheti bado nakihitaji, tena leo hii. Kielekezwe kwa Concilie, na ubovu uwe mkubwa, injini kabisa. Ile barabara ya Luvungi unaijua, vumbi tupu. Mimi naenda kumchukua kwa pikipiki.