Kikohozi Kimoja Ndiyo, Viwili Hapana

Jumatatu, 3 Machi

Tangazo kwenye mlango wa chumba cha kufulia! Pasi kanisomea. (Ni mwenzangu kutoka nyumbani, hupiga pasi mashuka ninayofua, basi namwita hivyo.) Hoteli inatafuta mtu wa mapokezi. Sharti: ajue lugha ya hapa. Usaili Ijumaa.

Nafasi hii ni yangu. Kwanza, nina umbo la mapokezi. Pili, mama watoto huko nyumbani anaamini niko mapokezi tangu mwaka jana. Nilimtumia hadi picha, nimeegemea kaunta, tai ya kuazima kwa Pasi. Ukoo mzima umetangaziwa. Na mwezi ujao anakuja! Asinikute nimezama kwenye mashuka.

Tatizo dogo: lugha. Miaka miwili nimeishi hapa kwa maneno manne: asante, samahani, ndiyo, hapana. Yanayobaki natikisa kichwa. Pasi ana kidaftari, kila siku anamwuliza mpishi neno moja. Neno moja! Haba na haba hujaza kibaba, anasema. Mimi changu nakitaka kimejaa kufikia Ijumaa.

Jumanne, 4 Machi

Mpango umepatikana. Bibi wa mlango unaotazamana na wangu, ghorofa ya nne. Mstaafu, zamani alikuwa mpokea simu, sasa hana wa kuongea naye. Pasi katuunganisha: mimi nimpandishie mizigo (lifti ilishakufa), yeye anifundishe saa moja kila jioni.

Somo la kwanza. Nikaingia, nikasema shikamoo. Sikuweza kujizuia, ni rika la mama yangu! Akabaki ananitazama. Shikamoo haiwezi kuachwa hewani, mtu hakai kwa raha. Ikabidi nimfundishe marahaba. Halafu habari za kutwa. Halafu za afya, za watoto, za magoti. Saa ikaisha. Kesho tutaanza lugha yake.

Jumatano, 5 Machi

Hatukuanza. Bibi aliitika marahaba kabla sijamwamkia. Ilibidi nimsahihishe, adabu ina utaratibu wake.

Kisha akainua kijiko anifundishe jina lake. Nikawahi kusema: kijiko! Sufuria! Kiti! Hata shule nilikuwa hivyo, mwalimu hamalizi swali. Bibi akaandika yote. Kajaza kurasa sita. Mimi sikuandika, mambo yangu huyaweka kichwani.

Alhamisi, 6 Machi

Leo Bibi kaniambia kwa Kiswahili, "Mwanangu, unaongea sana. Utajifunza lini?" Nilijisikia fahari! Mwalimu huonekana kwa mwanafunzi wake.

Halafu jasho likanitoka. Usaili kesho!

Lakini kichwa changu hakilali. Usaili utafanyika ukumbini, wageni wakipita. Bibi atakaa nyuma yangu kama mgeni. Jibu likiwa ndiyo, akohoe mara moja. Likiwa hapana, mara mbili. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu, lakini amekubali. Pasi yeye anarudia kidaftari. Maskini.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa! Nani aliweka yale maua karibu na kiti cha Bibi?

Swali la kwanza, kikohozi kimoja. Ndiyo! Msimamizi akatabasamu. La pili, viwili. Hapana! Akaandika kitu. La tatu Bibi akakohoa mara tisa. Nikavijibu vyote tisa, kwa zamu: ndiyo, hapana, ndiyo, hapana. Msimamizi akaweka kalamu chini. Baadaye Pasi aliniambia niliulizwa nimefanya kazi hapa miaka mingapi.

Bibi akainuka, machozi yanamtiririka. "Nisamehe, mwanangu! Haya maua yananiwasha koo!" Kiswahili kimenyooka. Msimamizi akageuka. Akamwuliza jambo, Bibi akajibu, wakacheka, wakapeana mikono. Nami nikatikisa kichwa kwa furaha. Nilijua ananiombea.

Jumatatu, 10 Machi

Hakuwa ananiombea.

Tangazo jipya, kanisomea Pasi mwenyewe, amevaa ile tai yake. Mapokezi asubuhi ni Pasi. Mchana ni Bibi, kwa ajili ya simu na wageni wetu wa Kiswahili. Mimi nafua mashuka, na sasa kupiga pasi pia ni juu yangu.

Roho imeniuma, sifichi. Nimepeleka taulo juu, Bibi yuko kaunta, nywele zimetengenezwa, uso unang'aa. Nikamwamkia. Akaitika, akaniuliza habari za magoti. Hata kununa nilishindwa.

Jumanne, 11 Machi

Mama watoto kapiga simu hotelini kunishtukiza! Kapokea Bibi. Nami nimesimama hapohapo na rundo la taulo hadi kidevuni. Mikono imejaa, nifanyeje? Nikakohoa mara mbili. Hapana, hapana! Nikarudia.

"Mumeo hajambo, mwanangu," Bibi akasema, "ana kikohozi tu. Huyu hapa na taulo zake. Anafua mashuka yanang'aa!"

Nikapewa simu. Mama watoto akasema mashuka angeyajivunia vilevile, kilichomuuma ni kudanganywa. Na hangoji mwezi ujao, anakuja wiki ijayo. Nilijisikia mdogo kuliko sabuni ya chumbani.

Jumatano, 12 Machi

Pasi kanipa kidaftari chake cha zamani. Bibi kajitolea kunifundisha neno moja kila siku, kwa sharti kwamba ninyamaze. Nimewashukuru kwa moyo wote. Kidaftari kimefaa sana, meza yangu haiyumbi tena.

Kwa kuwa mama watoto jana alikuwa na huzuni, nilimtuliza: lugha ya hapa naijua kama maji, nitamtembeza mji mzima. Nina siku saba.

Lakini nimegundua ghorofa ya tano anaishi mzee mmoja, fundi saa mstaafu, mpole, hana haraka. Jioni namgongea mlango. Safari hii hakuna mchezo, ni lugha yake tu mwanzo hadi mwisho.

Baada ya shikamoo.